Kabla Hujausingizia Ubongo, Pima Skrini

Mwaka 1958, katika chumba cha chini ya ardhi cha Taasisi ya Wilmer, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, David Hubel na Torsten Wiesel walikuwa wanasikiliza seli moja moja za ubongo wa paka. Ni kusikiliza kweli: ncha ya elektrodi ya tungsteni, aliyoibuni Hubel mwenyewe, ilishushwa kwenye gamba la ubongo upande wa kisogoni, umeme mdogo wa seli ukakuzwa na kupelekwa kwenye spika, na kila seli ilipotoa mpigo, spika ikatoa mlio mfupi mkavu. Kazi ilikuwa kumwonyesha paka madoa, ya mwanga au meusi, na kungoja spika ilie. Mwenye maabara, Stephen Kuffler, alikwishaonyesha kwamba seli za retina ya paka, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hupenda madoa madogo ya mwanga, kwa hiyo kuendelea na madoa kulikuwa na mantiki. Doa jeusi lilibandikwa kwenye kipande cha kioo, na kioo kikachomekwa kwenye kifaa cha kumulika ndani ya jicho.

Saa zikapita bila jibu la maana. Halafu, wakati wa kuchomeka kioo, seli ikalipuka kwa milio mfululizo. Waliporudia rudia wakatambua kwamba doa halikuhusika hata kidogo. Ukingo wa kioo ulikuwa unatupa kivuli hafifu kwenye retina, mstari mwembamba ulionyooka, na seli ile ilikuwa inautaka mstari huo, ukiwa umelala kwa pembe yake na ukipita kuelekea upande wake. Makala yao ilitoka 1959. Nobel ikaja 1981, wakigawana na Roger Sperry.

Kisa hiki husimuliwa sana kama kisa cha bahati. Sisi tunaoshinda kwenye vyumba vya giza tukipima uonaji wa watu tunakisoma vingine. Seli ilijibu kilichofika kwenye retina, haikujibu kilichoandikwa kwenye daftari la watafiti. Sifa yao kubwa ni kwamba waliliacha daftari wakaenda kukagua kioo. Sehemu kubwa ya kazi ya kuchunguza uonaji na ubongo ni hiyo hiyo, na vitabu vya chuo huipitia haraka mno: kujua kwa hakika ni nini hasa kimeingia jichoni. Usipolijua hilo, utampa ubongo sifa au lawama ya mambo yaliyofanywa na skrini, kiti, au taa ya dirishani.

Cha kwanza ni umbali. Ukubwa wa kitu katika kazi hii hausemwi kwa sentimita, husemwa kwa nyuzi za pembe ya kuona, kwa sababu retina haijui sentimita. Maabara nyingi humkalisha mshiriki sentimita 57 kutoka kwenye skrini, kwani katika umbali huo kitu chenye upana wa sentimita 1 huchukua nyuzi 1 karibu kamili, na rula ya kawaida inageuka kuwa kipimo cha pembe. Nyuzi 1 kwenye retina ni kama milimita 0.3. Ukinyoosha mkono, upana wa kidole gumba ni kama nyuzi 2, na eneo la katikati ya retina tunalosomea maandishi madogo halizidi sana hapo.

Mshiriki akisogea mbele sentimita 10 tu, kutoka 57 hadi 47, kila kilichoko kwenye skrini kinakua kwa asilimia 21. Michoro ya mistari uliyoandika kuwa ina mistari 4 kwa nyuzi 1 sasa ina 3.3. Na watu husogea mbele bila kujitambua swali linapokuwa gumu, yaani pale pale unapohitaji kipimo kisiyumbe. Kiegemeo cha kidevu chenye upau wa paji la uso kinamaliza sehemu kubwa ya tatizo. Kisipokuwepo, funga kamba ya sentimita 57 kwenye fremu ya skrini, na kila baada ya raundi ivute hadi usawa wa kona ya jicho. Inaonekana ya kienyeji, lakini inafanya kazi kuliko kumwambia mtu "usisogee".

Miwani nayo. Aliyepita miaka 45 hivi huwa hawezi tena kulenga vizuri umbali wa karibu, na miwani yake ya kusomea imepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Kwa skrini anahitaji lenzi ya umbali wa skrini: gawanya 1 kwa 0.57, unapata daiopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 1.75 juu ya miwani yake ya mbali. Bila hiyo utapima ukungu wa lenzi kisha uandike kwamba ubongo wa wazee hauoni mistari myembamba.

Sasa skrini yenyewe. Hapa ndipo makosa mengi hulala, tena kimya kimya. Kompyuta huupa kila ukijivu namba kati ya 0 na 255. Anayeanza huamini kwamba 128 ni nusu ya mwanga. Siyo. Skrini nyingi zimetengenezwa ili mwanga ukue kwa kipeo cha 2.2 hivi, kwa hiyo skrini inayofikia mwanga wa kandela 100 kwa mita ya mraba kwenye 255 itatoa kandela 22 tu kwenye 128. Nusu ya kweli iko kwenye 186.

Nani atajali? Mshiriki atajali, hata kama hajui. Chukua jaribio la kawaida kabisa: mchoro wa mistari laini ya mwanga na giza juu ya ukijivu, unapunguza utofauti wa mwanga na giza mpaka mtu asiuone tena. Ukiuchora kuzunguka 128 bila kurekebisha skrini, mchoro wenye utofauti kamili utakuwa na mwanga wa wastani wa kandela 36, wakati ukijivu unaouzunguka una 22. Mchoro mzima unang'aa kuliko mazingira yake. Mshiriki hahitaji kuiona mistari. Anaona bonge la mwanga limetokea, anabonyeza, anapata. Wewe unaandika kwamba ana macho makali mno kwa mistari myembamba, wakati mistari yenyewe huenda hakuiona kabisa.

Kurekebisha si kazi ngumu, ni kazi ya uvumilivu. Washa skrini uiache dakika 30, kwa sababu mwanga wake hupanda polepole inapopata joto. Zima kila kitu kinachojifanya kina akili: mwanga unaojipunguza wenyewe, hali ya usiku inayotia umanjano, na ule mpangilio wa kiwandani unaobadilisha utofauti kulingana na picha. Weka idadi ya pikseli iwe ile ya asili ya skrini, la sivyo kompyuta itachanganya pikseli jirani na mistari yako myembamba itakuwa uji. Zima taa za chumba. Simamisha fotomita, yaani kipima mwanga, wima mbele ya katikati ya skrini, jaza skrini kwa namba 0, soma, kisha 15, soma, kisha 30, hadi 255. Hivyo ni vipimo 18. Vichore, pata kipeo, geuza mlinganyo, tengeneza jedwali la namba 256 ambalo programu italipitia kabla ya kuchora chochote. Kisha pima tena kwa kutumia jedwali. Safari hii nukta zikae kwenye mstari ulionyooka. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoonyesha kama jedwali limetumika kweli au liko tu kwenye faili.

Fotomita ni ghali na vyuo vingi havina. Kuna njia ya mkato ambayo tunaiheshimu. Chora eneo la mistari ya mlalo, pikseli moja nyeupe ya 255 na moja nyeusi ya 0 kwa kupokezana, na katikati yake weka mraba wa ukijivu usio na mistari. Rudi nyuma mita kadhaa mpaka mistari isionekane. Eneo la mistari sasa linatoa nusu ya mwanga, kwa sababu nusu ya pikseli zimewaka. Badilisha namba ya mraba mpaka utoweke ndani ya mazingira yake. Ukitoweka karibu na 186, kipeo chako ni 2.2. Ukitoweka kwingine, namba hiyo inakupa kipeo cha skrini yako. Jicho la mtu halijui kukadiria kiasi cha mwanga, lakini kwa kulinganisha vitu viwili vilivyogusana ni kifaa kizuri kuliko vingi vya dukani.

Hata baada ya kurekebisha, ngazi 256 hazitoshi kwa kazi nyeti. Karibu na 186, kupanda na kushuka ngazi moja tayari ni utofauti wa asilimia 1.2. Kijana mwenye macho mazuri huona mistari 3 hadi 5 kwa nyuzi ikiwa na utofauti chini ya asilimia 1. Maana yake mchoro hafifu kuliko wote unaoweza kuuchora bado anauona, na grafu yako itagonga sakafu ambayo si ya ubongo. Suluhisho ni kadi za picha zenye ngazi nyingi zaidi, au kutawanya chembe za kelele, yaani mabadiliko madogo ya kubahatisha, kati ya pikseli ili ngazi za katikati zipatikane kwa wastani. Skrini za bei nafuu zina ugonjwa mwingine: mwanga hubadilika ukizitazama kutoka chini au juu. Mshiriki mfupi na mshiriki mrefu wanaona michoro miwili tofauti. Kiti kinachopanda na kushuka kinatibu hilo bila gharama ya skrini mpya.

Muda hauna mengi, ila una mtego mmoja. Skrini ya hezi 60 huchora upya kila milisekunde 16.7, basi. Huwezi kuonyesha kitu kwa milisekunde 40. Utapata 33 au 50. Programu haitakukatalia, itakubali 40 na kufanya inavyoweza. Panga muda kwa idadi ya fremu. Weka mraba mdogo mweupe kwenye kona ya skrini unaowaka pamoja na mchoro, ubandikie fotodayodi, kifaa kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme, kwa utepe mweusi, uone saa halisi za kuwaka na kuzima. Ukikuta fremu zinapotea, tafuta programu ya kuzuia virusi au masasisho yanayojipakua yenyewe. Na kama hutaki mtu ahamishe macho kuelekea mchoro wa pembeni, usiuache zaidi ya milisekunde 150 hivi, kwa kuwa jicho huchukua kama milisekunde 200 kuanza kuruka.

Vifaa vikiwa sawa, linabaki swali ambalo halina mashine: unamuulizaje mtu ameona nini? Ukimuuliza "Unaona?", unapima tabia. Kuna mwoga ambaye hasemi ndiyo mpaka awe na uhakika wa kuapa, na kuna mkarimu anayesema ndiyo ili asikuvunje moyo. Huku kwetu wakarimu ni wengi, hasa wazee. Mtu amekaribishwa, amepewa kiti, akuangushe? Dawa yake ni kutomuuliza kama ameona. Mpe chaguo mbili na umlazimishe kuchagua. "Mama, itakuja michoro miwili, wa kwanza na wa pili, kila mmoja na mlio wake. Mmoja una mistari, mwingine hauna. Wenye mistari ni upi? Hata kama hujaona kitu, taja mmoja." Asiyeona kabisa atapata nusu. Anayeona atapata zaidi ya nusu. Ukarimu hauna pa kujificha.

Programu ya simu ya Peek Acuity, ambayo Andrew Bastawrous na wenzake waliipima Nakuru, Kenya, na kuchapisha matokeo 2015, inatumia wazo hilo hilo. Herufi E inageuzwa juu, chini, kushoto au kulia, mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu ya E imeelekea wapi, na anayepima anatelezesha kidole kwenye kioo cha simu kufuata mkono ule bila kujua jibu sahihi. Chaguo ni nne, kwa hiyo kubahatisha kunaleta asilimia 25. Hakuna haja ya kujua kusoma, na anayepima hawezi kumsaidia mgonjwa kwa sauti au kwa macho, jambo ambalo mtu mwema hulifanya bila kukusudia kwenye chati ya ukutani. Chati ya ukutani nayo ina hesabu yake. Kwenye mstari wa 6/6, ule wa macho ya kawaida, herufi inachukua dakika 5 za pembe, na kwa mita 6 hiyo ni urefu wa milimita 8.7. Chati iliyotolewa nakala kwenye mashine ya steshenari ikapunguzwa kidogo itoshe karatasi imeshakuwa chati nyingine, na rula itakuambia.

Ugumu wa swali tunaupandisha na kuushusha kwa ngazi. Anza na mchoro ulio wazi kabisa. Akipata mara tatu mfululizo, upunguze. Akikosa mara moja, uongeze. Kwa kanuni hiyo ngazi hutulia pale anapopata asilimia 79.4 ya maswali. Hatua za mwanzo ziwe kubwa, kuugawa utofauti kwa mbili, kisha baada ya kosa la kwanza ziwe ndogo. Hesabu mahali ngazi inapogeuka, kutoka kushuka kwenda kupanda na kinyume chake. Zikifika 8 au 10, tupa 2 za mwanzo, chukua wastani wa zilizobaki kwa logi. Endesha ngazi mbili kwa kupokezana, mshiriki asijue yuko wapi. Na katikati ya maswali magumu mwekee rahisi moja moja. Haliingii kwenye hesabu, linamkumbusha tu anatafuta nini na kumpa moyo, kwani hakuna kinachochosha kama nusu saa ya kubahatisha.

Kipimo cha bure cha kukagua mpangilio mzima ni doa pofu, lile tundu ambalo neva ya jicho hutokea, lisilo na vipokea mwanga hata kimoja. Edme Mariotte alilieleza Ufaransa katika miaka ya 1660. Katika eneo linaloonwa, liko nyuzi 15 hivi kutoka pale jicho linapokaza, upande wa sikio, chini kidogo ya usawa, na lina upana wa nyuzi 5 hadi 6. Funga jicho la kushoto, kaza la kulia kwenye msalaba, na kwa sentimita 57 doa la sentimita 1 likiwekwa sentimita 15 kulia linatoweka. Kwa karatasi iliyoshikwa sentimita 30, weka doa sentimita 8 kutoka kwenye msalaba. Lisipotoweka, ama umbali si ule unaodhani, ama mshiriki anachungulia. Majaribio yanayofanywa nyumbani kwa mtandao hutumia hila hii: mtu anaweka kadi ya benki juu ya skrini na kurekebisha picha iilingane, kwa kuwa kadi zote za aina hiyo zina upana wa milimita 85.6, kisha anatafuta doa pofu. Likiwa sentimita 12 badala ya 15, huyo amekaa sentimita 45 hivi kutoka kwenye skrini, asilete maneno.

Doa pofu limewahi kuokoa ugunduzi mkubwa. Lawrence Weiskrantz na wenzake walitangaza Uingereza mwaka 1974 kwamba mgonjwa anayejulikana kama DB, aliyekatwa sehemu ya gamba la kuona la upande mmoja, aliweza kunyooshea kidole taa zilizowashwa kwenye upande aliosema haoni kitu. Wenye shaka wakauliza swali la haki: je, mwanga haukutawanyika ndani ya jicho ukafika kwenye eneo zima, naye akauona kwa hilo? Jibu lililokata mjadala ni kutupa mwanga ule ule ndani ya doa pofu la DB lililokuwa katika eneo hilo hilo. Hapo alishindwa, ilhali pembeni kidogo, palipokuwa na retina lakini pasipo na gamba la ubongo, aliweza. Kama ingekuwa ni mwanga uliotawanyika, angeweza kote kuwili. Sijui kinga nyingine ya bei rahisi namna hiyo katika fani nzima.

Ukiingia kwenye umeme wa ubongo, makosa ya skrini yanavaa joho la ugonjwa. Kipimo cha kawaida hospitalini ni ubao wa miraba myeusi na myeupe inayobadilishana mara 2 kwa sekunde, huku elektrodi ikisikiliza kisogoni. Miraba ya nyuzi 1, kisha ya robo nyuzi. Wastani wa marudio angalau 50, na ufanye wastani huo mara mbili uone kama mawimbi yanalaliana. Wimbi linalotafutwa, P100, hufika milisekunde 100 hivi baada ya miraba kubadilika. Tangu 1972, Halliday na wenzake walipoonyesha kwamba linachelewa kwa waliopata uvimbe wa neva ya jicho, ucheleweshaji huo umekuwa dalili muhimu.

Sasa fikiria kitengo kimebadilisha skrini ya zamani ya chupa kwa skrini bapa. Skrini bapa inaweza kuchelewa milisekunde kumi na kitu au zaidi tangu kompyuta itoe amri mpaka mwanga ubadilike. Wagonjwa wote wa wiki hiyo wana neva zinazochelewa. Pamoja na hilo, pikseli nyingi haziwaki na kuzima kwa kasi ile ile, kwa hiyo kila miraba inapobadilishana kunatokea mmweko mfupi wa skrini nzima, na ubongo unaujibu mmweko huo nawe unadhani umejibu miraba. Fotodayodi ile ile ya kona ya skrini ndiyo inayotenganisha mgonjwa na mashine. Skrini ikibadilishwa, viwango vya kawaida vipimwe upya kwa watu wazima wa afya; vya zamani vimekufa.

Elektrodi yenyewe inakaa kwenye mstari wa katikati ya kichwa. Pima kutoka kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, chukua asilimia 10, panda kutoka kwenye kinundu. Kichwa cha sentimita 36 ni sentimita 3.6. Kuhusu nywele, maelekezo mengi yanayokuja na mashine yameandikwa kwa nywele nyororo. Kwa nywele zetu mambo ni mawili: mafuta na msuko. Mafuta yasafishwe kwa spiriti na ngozi isuguliwe taratibu mpaka ukinzani uwe chini ya omu 5,000. Twende kilioni haina shida ikiwa njia imepita katikati. Mwambie dada mapema, siku ya kupewa miadi, asuke akiacha njia hapo. Nywele za bandia zilizoshonwa juu ya mstari huo hazipitishi kitu, na kumfumua mtu aliyelipia nywele zake jana ni kuanza kipimo kwa ugomvi. Ukiona grafu inatetemeka kwa hezi 50, ni umeme wa ukutani: sogeza waya za elektrodi mbali na za skrini, zisokote pamoja, angalia ukinzani tena. Kichujio kitakisafisha kilichopo kwenye picha bila kutibu chanzo. Mawimbi manene ya mara 8 hadi 13 kwa sekunde huwa ni ya mtu aliyelegea au anayeanza kusinzia; mwamshe, ongea naye, endelea.

Mashine ya MRI ina starehe ya kuonyesha ramani. Tatsuji Inouye alizitafuta ramani hizo kwa njia ya kusikitisha, kwa askari wa Japani waliopigwa risasi za kisogoni katika vita na Urusi vya 1904 na 1905: alifuata njia ya risasi ndani ya fuvu akalinganisha na sehemu ambazo askari hawaoni tena. Siku hizi mtu analala, kabari ya miraba inayomweka inazunguka polepole kwenye skrini, na kila kipande cha gamba la ubongo kinawaka kwa zamu yake. Ramani haina usawa: nyuzi 10 za katikati huchukua nusu ya gamba la kwanza la kuona au zaidi. Damu ndiyo inayopimwa, nayo hufika kilele sekunde 5 au 6 baada ya seli kufanya kazi, hivyo kabari ikizunguka kwenda kulia peke yake ramani yote itasogea. Ichore ikizunguka pande zote mbili, uchukue wastani, ucheleweshaji ujifute wenyewe.

Mtego hapa ni kioo. Aliyelala ndani ya mashine huona skrini kupitia kioo kilicho juu ya macho, na kioo hugeuza kushoto kuwa kulia. Projekta nayo inaweza kugeuza, na programu ya kuchambua inaweza kugeuza picha ya ubongo. Migeuzo miwili hufutana, mitatu haifutani. Kwa kawaida upande wa kulia wa ubongo huona kushoto; wewe utapata ubongo ambao upande wake wa kulia unaona kulia, na utafurahi umegundua jambo. Kabla ya kila kipindi weka herufi F kubwa kwenye skrini, muulize aliyelala: "Mikono ya F inaelekea upande gani wako?" Na bandika kidonge cha mafuta ya samaki kwenye paji la uso upande wa kulia, kitang'aa kwenye picha na kukuonyesha kulia ni wapi, programu iseme isemavyo.

Kwa watoto wachanga maswali yote hayo ya mdomo hayapo, na ndiko haraka iliko. Hubel na Wiesel walionyesha 1963 kwamba jicho moja la mtoto wa paka likifumbwa katika miezi ya kwanza, seli za ubongo huliacha na kuhamia kwa lingine, wakati paka mkubwa haathiriki hivyo. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho mzito hasubiri akue. Upasuaji hulengwa katika wiki 6 hadi 8 za mwanzo, na Afrika Mashariki wengi hufikishwa hospitali wakiwa wameshapita hapo mbali. Mboni inayoonekana nyeupe kwenye picha ya simu inatosha kuwa sababu ya kwenda leo. Jicho vivu, lile ambalo ubongo umeliacha, likiwa la wastani kwa mtoto wa miaka 3 hadi 7 hutibiwa kwa kuliziba lile zima. Jaribio la Marekani la 2003 lilikuta saa 2 kwa siku zinasaidia sawa na 6, habari njema kwa mama anayepambana na mtoto anayebandua kiziba.

Kupima uonaji wa mchanga tunatumia kadi za kijivu zenye mistari upande mmoja. Mtoto hupenda kutazama mistari kuliko utupu. Umbali ni sentimita 38 kwa walio chini ya miezi 6, na 55 kwa wakubwa zaidi hadi miaka 3. Anayepima anachungulia kwenye tundu dogo katikati ya kadi bila kujua mistari iko upande gani, anageuza kadi, anaangalia tena, na macho ya mtoto ndiyo yanayomwambia. Mtoto wa mwezi mmoja huishia karibu na mstari 1 kwa nyuzi; mtu mzima wa 6/6 hufika 30. Mama anayempakata asiione kadi, maana humwelekeza mtoto kwa mwili wake bila kukusudia. Mwanga uwe sawa pande zote mbili, dirisha liwe nyuma ya mtoto au lifunikwe. Kadi zishikwe pembeni tu: alama ya kidole kwenye upande mtupu ni kitu cha kutazama, na mtoto ataitazama. Kadi ambayo alama haitoki itolewe kwenye seti.